Mama hataki babu wa Ireland atajwe. Nimwandikie jamaa niliyempata?

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari katika Kaunti ya Nakuru, nina miaka 43, nimeolewa na nina watoto wawili. Jina langu lisitajwe, kwa kuwa mdogo wangu humsomea Mama safu hii.

Mama alizaliwa mwaka 1957 karibu na Molo. Baba yake alikuwa Mwairishi, msimamizi wa ujenzi wa barabara wa serikali ya kikoloni. Nyanya alikuwa mfuaji nguo katika kambi yao. Mama hajatimiza mwaka, yule bwana alihamishwa, kisha tukasikia amerudi kwao. Nyanya alibaki na picha moja. Nyuma yake pana jina la kwanza, jina la ukoo na neno "Mayo", ambayo ni kaunti ya magharibi ya Ireland. Nyanya alifariki mwaka 2004 akiwa amesimulia machache tu: kwamba alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, kwamba hakukosa misa ya Jumapili, kwamba jioni alipiga filimbi ya bati.

Hiyo filimbi ndiyo iliyonivuta. Tangu chuo nasikiliza muziki wa Ireland, na sasa napiga filimbi mwenyewe. Najifunza lugha yao kwenye simu. Tarehe 17 Machi, sikukuu yao ya Mtakatifu Patrick, navaa kijani, naoka mkate wao wa soda kwa maziwa mala, ingawa hutoka mgumu na mzito. Ndugu zangu hunitania tu. Mama hanitanii. Mkate anakula, lakini nikishika filimbi huinuka akatoka nje. Krismasi iliyopita nilimwomba ile picha nikaitoe nakala. Aliniambia: "Huyo mtu alinitupa. Niliitwa chotara shuleni hadi nikazoea kutembea nimeinamisha kichwa, na wewe unamvalia kijani. Nikiwa hai, usimtafute."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshamtafuta. Kaka yangu aliyeko Uingereza alininunulia kipimo cha DNA. Majibu yalisema asilimia 23 ya damu yangu ni ya Ireland, na jamaa wengi waliotokea wana asili ya Mayo. Mmoja ni mwanamke wa rika langu, tunashiriki sentimogani 412 (kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanafanana). Mti wa ukoo wake uko wazi: babu yake ana jina la ukoo lile lile la kwenye picha, ila jina la kwanza ni tofauti. Nadhani babu yake na babu yangu walikuwa ndugu. Nimemwandikia mara nyingi, kisha nafuta kabla ya kutuma.

Nikimtumia, nimemvunja Mama. Nisipomtumia, wazee wa huko wanaoijua habari hii watakufa nayo. Isitoshe, kijana wangu wa miaka 19 amesikia kwamba wajukuu wa Wairishi hupewa pasipoti, na anasema nisipoandika mimi ataandika yeye. Halafu kuna jambo linalonikosesha usingizi. Naipenda nchi ile kuliko ninavyoipenda hadithi ya jinsi ilivyotufikia. Nyanya yangu alifua nguo zao. Je, nina haki ya kuipenda?

Mjukuu wa Nyanya, Nakuru

*

Dada mpendwa,

Umeuliza kama uandike au usiandike. Ndani ya barua yako, hata hivyo, naona maswali matatu yaliyosokotana: Ireland unayoipenda, watu wa damu yako walioko huko, na karatasi za uraia. Yanatoka kwa mtu mmoja, lakini kila moja lina mwenyewe na lina hatari zake. Niruhusu nianze na la karatasi. Ndilo linalokupigia kelele kuliko mengine, na ndilo jepesi kulinyamazisha.

Kijana wako hana njia hapo. Sheria ya Ireland humruhusu mjukuu wa mtu aliyezaliwa katika kisiwa kile kuomba aandikwe katika Daftari la Waliozaliwa Ng'ambo, na uraia wake huanza siku anayoandikwa, haurudi nyuma. Kitukuu hupata tu ikiwa mzazi wake alikuwa ameshaandikwa kabla yeye hajazaliwa. Wewe hukuwa umeandikwa alipozaliwa. Hata ukiandikwa kesho, haitamfaidi. Mweleze hivyo akiwa ametulia, mwelekeze akaisome kanuni hiyo mwenyewe kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland, na nadhani haraka yake itapungua.

Wewe mwenyewe unaweza kuomba, lakini tazama kinachotakiwa: cheti cha kuzaliwa cha babu, na cha ndoa kama alioa; cheti cha kuzaliwa cha Mama chenye majina ya wazazi wote wawili, cheti chake cha ndoa na kitambulisho chake; kisha vyako. Ada ya mtu mzima ni yuro 278, na kusubiri huchukua miezi mingi. Umeona mnyororo unapitia wapi? Unapita kwa Mama. Tena yeye, kama ikithibitishwa kwamba baba yake alizaliwa Ireland, kwa sheria ile ni raia tangu siku aliyozaliwa, bila daftari lolote. Huwezi kuipita njia hii kwa siri, maana yeye ndiye anayeishika mbele yako.

Mahali inapokwamia kwa familia nyingi kama yenu ni cheti cha mama. Mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa Kenya miaka ya 1950 mara nyingi hakuandikishwa kabisa, au aliandikishwa bila jina la baba. Kipimo chako cha mate hakiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu hakuna ofisa aliyeshuhudia mate ni ya nani. Hapo itabidi umwone wakili wa Ireland, na gharama yake ni kubwa. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inakuruhusu uraia pacha, mradi utoe taarifa ndani ya miezi mitatu baada ya kuupata ule wa pili. Kwa hiyo hakuna dirisha linalofungwa mwezi huu wala mwaka huu. Suala la karatasi linaweza kungoja.

Sasa tuje kwa yule mwanamke. Unadhani babu yake na babu yako walikuwa ndugu. Ingekuwa hivyo, wewe na yeye mngekuwa binamu wa daraja la pili, na binamu wa daraja hilo kwa wastani hushiriki sentimogani kama 230. Kufika 412 kunawezekana, lakini ni juu sana. Watu wenye babu mmoja na nyanya tofauti hushiriki kama 450 kwa wastani. Namba yako imekaa karibu zaidi na hapo. Yaani kuna uwezekano mkubwa, ingawa bado si hakika, kwamba babu yake ndiye babu yako.

Na lile jina la kwanza tofauti? Liko jambo la kawaida sana Ireland: mtu hubatizwa Patrick Michael, nyumbani na kazini akaitwa Michael au Mick maisha yake yote. Inawezekana pia kaka wawili walikuja Kenya, na jina la nyuma ya picha ni la mmoja huku damu ikiwa ya mwingine. Tena kuna mtego wa majina kurudiwa. Kwa desturi yao ya zamani, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndiyo maana katika parokia moja ya Mayo unaweza kukuta binamu watatu wenye jina moja na ukoo mmoja, wamepishana miaka michache.

Kwa nini nasisitiza haya? Kwa sababu yanabadilisha uzito wa ujumbe wako. Ukidhani unamwandikia jamaa wa mbali kumuuliza habari za kaka wa babu yake, kumbe unamwambia kwamba babu aliyempakata alikuwa na mtoto Afrika, labda akiwa tayari ana mke. Huenda mke huyo bado yu hai. Heri uyajue hayo kabla, na mengi unaweza kuyajua bila kumgusa mtu.

Anza na tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie, ambayo haina malipo. Inaonyesha picha za rejista zenyewe: kuzaliwa kulikopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75, vifo vilivyopita miaka 50. Uandikishaji wa wote ulianza mwaka 1864. Babu aliyekuwa na miaka kama thelathini mwaka 1957 yuko mpakani, huenda asionekane, lakini ndoa ya wazazi wake inapaswa kuwemo, na wazazi hao utawakuta wakiwa watoto katika sensa za 1901 na 1911, ambazo nazo ni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Dublin. Kisha iko sensa ya tarehe 18 Aprili 1926, ambayo kwa kanuni ya miaka 100 ilipangiwa kufunguliwa kwa umma Aprili 2026. Kama alizaliwa kabla ya siku hiyo, atakuwemo mwenyewe akiwa mtoto mchanga, na kaka zake wakubwa pia. Usisumbuke kutafuta sensa za karne ya 19: za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe, na zilizotangulia karibu zote ziliteketea Dublin mwezi Juni 1922. Rekodi isiyo mtandaoni unaweza kuiagiza kwa Ofisi ya Msajili Mkuu iliyoko Roscommon: nakala ya utafiti ni yuro chache tu, cheti kamili ni yuro 20.

Kwa safari ya Kenya, tafuta orodha za abiria wa meli za Uingereza zinazofika hadi 1960. Meli nyingi za Mombasa zilianzia au kuishia London au Southampton, na orodha zake hutaja umri, kazi na anwani ya abiria. Mtu aliyerudi kwao mwishoni mwa miaka ya 1950 huenda aliandika humo jina la kijiji anakokwenda. Gazeti rasmi la Kenya la miaka ile nalo lilichapisha uteuzi wa maofisa wa serikali, na matoleo yake ya zamani yamewekwa mtandaoni. Kisha fungua rip.ie, tovuti ya matangazo ya vifo ya Ireland iliyoanza mwaka 2005. Matangazo yake huorodhesha mjane, watoto, wajukuu, hata kijiji. Kama mzee alifariki baada ya hapo, kwa dakika kumi utajua alioa nani na nani bado yu hai.

Hayo yote si "kumtafuta" kwa maana aliyoikataza Mama? Sijui angeyaitaje, na wewe unamjua kuliko mimi. Ila jambo moja katika barua yako limenisimamisha. Mama alikuwa hajatimiza mwaka mzee alipoondoka. Filimbi ile hakuisikia akaikumbuka. Kinachomwinua kitini na kumtoa nje kilitoka kinywani mwa Nyanya, au kwa majirani, au kwenye viwanja vya shule alikoitwa chotara. Yawezekana Mama anajua jambo ambalo wewe hukuambiwa.

Kumbuka mwaka wenyewe. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyoanza Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960, na Molo ilikuwa katikati ya ardhi iliyotengewa wazungu. Mfuaji nguo kambini na msimamizi mzungu wa serikali hawakuwa watu wawili wanaokutana njiani na kupendana kwa uhuru. Huenda palikuwa na mapenzi, kwani watu hupendana hata chini ya dhuluma, na ile picha aliyoitunza hadi kufa kwake yaweza kuwa ushahidi. Yaweza pia kuwa ushahidi wa mama aliyetaka mwanawe siku moja aweze kuthibitisha baba yake ni nani. Barua yako haisemi ni lipi, na sidhani unajua. Ukilisukuma jambo hili hadi Mayo kabla ya kulisikia jikoni kwa Mama, unaweza kulisikia kwanza kwa watu wasiofaa.

Ndiyo maana naona mazungumzo na Mama yana uzito kuliko ule ujumbe, lakini si mazungumzo ya kumwomba ruhusa. Mwulize habari za Nyanya. Nyanya alitoka wapi, alifikaje kambini, alilea vipi mtoto mweupe peke yake wakati ule, nani alimsaidia, nani alimtenga. Katika hadithi mnayoigombania, yeye ndiye hatajwi, ilhali ndiye aliyebaki. Mama anaweza kukataa hata hilo. Akikataa, usimshinikize siku hiyo.

Na kipimo? Kumficha kuna hatari yake, na kumwambia kuna yake. Ukimwambia, atahisi umemzunguka, na atakuwa sahihi kuumia. Usipomwambia, fahamu kwamba siri yenyewe imeshapasuka nusu: yule mwanamke anakuona kwenye orodha yake kama unavyomwona, na anaweza kukuandikia wewe. Kijana wako anajua. Kaka yako anajua. Habari ya namna hii ikimfikia Mama kwa mlango wa nyuma huuma mara mbili. Ukitaka muda wa kutafakari, nyingi ya tovuti hizi hukuruhusu kujificha usionekane na jamaa, ila kwa kawaida nawe huwaoni tena. Andika kwanza mahali salama majina na namba za jamaa mnaoshiriki. Wala usimshawishi Mama apimwe. DNA yake ingefaa sana, kwa sababu inabeba takriban maradufu ya ile uliyo nayo kutoka upande huo, lakini ni mwili wake.

Siku utakapoamua kuandika, kama utaamua, andika kwa ufupi, maneno yasiyozidi 120, ndani ya tovuti ile ile ya kipimo. Mwambie wewe ni nani na unaishi Kenya, kwamba kipimo kinaonyesha mko karibu, kwamba unafuatilia upande wa Mayo wa familia ya mama yako. Mwambie wazi hutafuti mali wala karatasi. Usiseme "babu yetu". Uliza swali moja tu, kwa mfano kama angependa mlinganishe majina ya ukoo, na umwachie nafasi ya kukataa bila aibu. Usitume picha, usimtaje Nyanya, usitumie Facebook kuwaandikia ndugu zake wote, na usipige simu nyumbani kwa mzee yeyote. Watu wengi hufungua akaunti zao mara chache kwa mwaka. Subiri wiki nane, kumbusha mara moja, kisha uache.

Kuhusu mali, usilichukulie kuwa neno la kupitia tu. Mayo ni nchi ya watu walionyang'anywa mashamba. Chama cha Ardhi cha Ireland kilianzishwa Castlebar, mji mkuu wa kaunti ile, Oktoba 1879, kupigania wapangaji waliofukuzwa na mabwana. Jamaa mgeni akitokea, wazo la kwanza la wengine huwa ni shamba. Mtu wa Molo hahitaji kuelezwa hilo.

Umeuliza kama una haki ya kuipenda Ireland. Nikujibu kwa mambo mawili ya kweli yanayokaa pamoja kwa shida. Wairishi ni watu waliotawaliwa: njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliwaua takriban milioni moja na kuwafukuza ng'ambo wengine zaidi ya milioni, chini ya serikali iliyokuwa London. Na ni kutoka watu hao hao walikotoka maofisa, askari na wasimamizi waliokuja kutawala wengine kwa niaba ya London, babu yako akiwemo. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa balozi mdogo wa Uingereza alipoandika ripoti ya mwaka 1904 kufichua ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kule Kongo. Miaka 12 baadaye Waingereza wakamnyonga kwa kupigania uhuru wa Ireland. Huko ndiko unakokupenda, pamoja na mwanga wake na giza lake. Huna haja ya kuitakasa nchi ndipo uipende.

Wala hutakuwa wa kwanza mwenye sura yako kuidai. Barack Obama, mwana wa Mjaluo, alikwenda mwezi Mei 2011 katika kijiji cha Moneygall, alikotoka mhenga wa mama yake aliyehamia Marekani mwaka 1850. Seán Óg Ó hAilpín, ambaye mama yake ni wa Fiji, alikuwa nahodha wa timu ya Kaunti ya Cork iliyotwaa ubingwa wa Ireland katika hurling, mchezo wao wa fimbo na mpira, mwaka 2005, na akahutubia umati kwa Kiairishi. Si kila mlango utakufungukia hivyo, na kuna wenye ubaguzi kule kama kwingineko. Lakini muziki, lugha na mkate havingoji jibu la yule binamu.

Kama unajifunza lugha, tafuta matamshi ya Connacht, maana ndiyo ya Mayo. Bado husemwa katika sehemu za Erris na Tourmakeady, na programu nyingi za simu huchanganya lahaja. Rangi za Mayo ni kijani na nyekundu, na timu yao ya kandanda ya Kigaeli haijachukua kombe la taifa tangu 1951, jambo linalowaumiza kila msimu. Ukilijua hilo, utakuwa na la kuzungumza na Mmayo yeyote.

Mkate wako ni mgumu kwa sababu unaukanda. Unga wa ngano laini gramu 450, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea (si hamira, wala si magadi ya kuchemshia maharagwe), kimoja cha chumvi, mala mililita 350 hadi 400. Koroga kwa vidole kwa nusu dakika tu, mpaka unga ushikane ukiwa bado unanata. Soda na mala huanza kutoa hewa mara zinapokutana, hivyo ukiukanda au ukiuacha ukae, hewa yote imekwisha kabla ya oveni. Kata msalaba wa kina juu ili moto ufike katikati, oka nyuzi 220 kwa dakika 15, kisha 200 kwa dakika 25 hadi 30. Ugonge chini: ukilia kama debe tupu, umeiva. Mama anaula hata ukiwa mzito, kwa hiyo mwokee ulio mwepesi, na siku hiyo iache filimbi ndani ya mkoba.

Ukishazungumza naye, niandikie tena, hata kama mazungumzo yenyewe yamekwenda vibaya.

Mshauri wako